Mguu wa Kuazima

Jina la Nakala alilipata ukumbini, mbele ya kioo, na aliyempa hakuwa na nia mbaya. Siku hiyo mwalimu wa baleti alikuwa na mafua. Alionyesha mtindo mpya mara moja tu, akavuta kamasi katikati, akamaliza. Wengine walikuwa bado wanaulizana mkono upi unatangulia, lakini yule msichana mdogo wa safu ya nyuma alikuwa ameshaukamata mtindo mzima, na alipofika katikati, mahali palepale pa muziki, naye alivuta kamasi. Hakuwa na mafua. Hakujua hata kama amevuta. Ukumbi uliangua kicheko, mpiga piano akakosea noti, na mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alijifuta macho kwa leso.

"Huyu si mwanafunzi," alisema. "Huyu ni nakala."

Jina likaganda, na jina lenyewe la kuzaliwa likabaki nyumbani kwa mama.

Baleti haikuwa ndoto ya mtu yeyote kwao. Mama yake, mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate, alikuwa anatafuta tu mahali pa kumweka mtoto mpaka zamu iishe, na jirani na kiwanda palikuwa na ukumbi uliofundisha watoto bila kelele nyingi. "Ningekuta darasa la ndondi," mama hupenda kusema, "saa hizi ningekuwa nafuga bondia." Lakini mtoto alikuwa na miguu inayosikia muziki kabla ya masikio, na kutoka ukumbi ule mdogo alipanda, mwaka baada ya mwaka, hadi shule kubwa ya juu ghorofani, ambako watu hufundishwa ili waishi kwa kazi hiyo. Sasa alikuwa katika mwaka wa mwisho, na alikuwa amechoka.

Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ulikaa ndani kama maji kwenye sponji; ukiuminya hapa, unachuruzika kule. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, alizungusha vifundo vya miguu chini ya shuka na kuvisikiliza. Kimoja kikilia kwa mlio mkavu, alijua siku itakuwa ndefu. Wanafunzi wote walifanya hivyo. Na wote walikuwa na lugha moja ya kusemea miili yao, lugha ambayo neno "inauma" halikuwemo. Walisema imekaza. Walisema imechoka kidogo. Ikizidi sana, walisema inazungumza.

"Leo nyonga yangu inazungumza," mmoja angesema akifunga utepe wa kiatu.

"Inasemaje?"

"Matusi matupu."

Wakacheka, wakapaka dawa ya kuchua, wakaingia. Ukumbi ulinuka dawa hiyo, na jasho, na unga wa utomvu waliokanyaga ili viatu visiteleze. Madirisha yalifungwa hata siku za joto, maana misuli yenye baridi hukatika. Waliokuwa na njaa walikunywa maji. Siku zao za mwezi zilikuwa zimeacha kuja kwa wengi wao, na badala ya kuogopa walipongezana kwa kupunguziwa usumbufu. Hakuna aliyelia mbele ya mtu. Ila mabomba ya bafuni yalifunguliwa kwa nguvu, yakaachwa yamwage maji muda mrefu kuliko uso mmoja unavyohitaji. Nakala, binti wa kiwanda cha mikate, alikula mkate wa mama yake kwenye ngazi za nyuma, amegeukia ukuta, kama mtu anayevuta sigara kwa siri.

Aliyemjua hapo kwenye ngazi ni mmoja tu: Twiga.

Twiga aliitwa Twiga kwa sababu ya shingo. Walianza shule siku moja, wakagawana kabati, wakagawana plasta, wakagawana mkate ule, ingawa Twiga alichukua ganda tu na kulitafuna polepole mpaka likawa hadithi. Nakala alikuwa hajui kushona, sindano ilimkataa. Twiga ndiye aliyemshonea tepe za viatu, na Nakala akamlipa kwa kumkanda mashavu ya miguu jioni. Twiga akiruka, watu walisahau kupumua. Alikuwa na mikono inayoiba macho: ukimtazama miguu, macho yenyewe yanapanda juu bila ruhusa yako.

Kwa hiyo onyesho la kumaliza mwaka lilipogawanywa, hakuna aliyeshangaa Twiga alipopewa sehemu ya Upepo, msichana anayevuka jukwaa kwa miruko mikubwa, mmoja baada ya mwingine, huku wengine wakiwa nyasi. Na hakuna aliyeshangaa Nakala alipofanywa mtu wake wa akiba. Kama mpira ulivyo na wachezaji wa akiba, baleti nayo inao. Ila wa mpira hukaa, wa baleti husimama. Husimama nyuma ya mwenye sehemu, hatua chache, kidogo upande, na kufanya kila anachokifanya yule wa mbele, siku zote za mazoezi, kwa sehemu ambayo huenda asiicheze kamwe.

"Nikivunjika shingo, wewe ndiye Upepo," Twiga alimwambia.

"Shingo hiyo? Itachukua wiki kuvunjika yote."

Walicheka. Lakini Twiga hakuwa na nafasi ya kuvunjika popote. Kundi kubwa la dansi lilikuwa limetoa ahadi ya kuleta watu wake kutazama onyesho, na kila mtu alijua wanamjia nani. Akichukuliwa, ana kazi. Akikosa, anarudi nyumbani kwa kaka yake na shemeji yake, kulala sebuleni, akiwa na miguu isiyojua kazi nyingine.

*

Mama ndiye aliyeona kwanza. Jioni moja walikuwa wamekaa kama kawaida yao, kila mmoja kwenye kiti chake, karai moja la maji ya vuguvugu ya chumvi katikati, miguu minne ndani yake. Ya mama ilikuwa imevimba kwa kusimama. Ya binti ilikuwa na sugu na malengelenge na kucha moja nyeusi. Kwa nje, hakuna ambaye angejua miguu ya uzuri ni ipi.

"Mwanangu, unachechemea," mama alisema.

"Sichechemei, mama."

"Nimekutuma chumvi dukani, nimekutazama dirishani. Umekwenda kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto."

"Nimechoka tu."

"Mimi ndiye niliyechoka. Wewe unachechemea."

Nakala aliitoa miguu yake majini akaitazama. Hakuna palipouma zaidi ya pengine. Akacheka, akairudisha.

Kesho yake mwalimu alimwambia Twiga apumzike kidogo, akataka amwone mtu wa akiba peke yake. Mwalimu huyu wa shule kubwa, si yule wa mafua, alikuwa amecheza miaka mingi hadi nyonga yake moja ikabadilishwa, ikawa ya chuma. Sasa alifundisha akiwa juu ya kiti kirefu, na alipoteremka alishika upau wa ukutani kama abiria. Nakala alisimama katikati ya sakafu. Piano ikaanza. Akaruka, akatua, akaruka, akatua.

"Simama," mwalimu alisema. "Mguu wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu, Mwalimu."

"Unautua kama sakafu ni jiko. Rudia."

Akarudia.

"Umeona? Unautua nusu, unauondoa upesi, halafu unaegemea kulia. Inauma wapi?"

Lile neno, mwalimu alikuwa na haki ya kulisema. Nakala alitikisa kichwa. "Haiumi popote. Nakuapia."

"Wote mnaapa." Mwalimu alijisugua uso kwa viganja. Haikuwa hasira, ilikuwa sauti ya mtu anayeusoma ukurasa uleule kila mwaka. "Nenda benchi. Na kesho uende kwa daktari wa mifupa. Sitaki uje unidondokee jukwaani."

Ukutani, Twiga alikuwa ameinama anafunga utepe uliokuwa tayari umefungwa. Hakuinua kichwa.

Daktari wa mifupa aliitundika picha kwenye sanduku la mwanga. Mama alikuja moja kwa moja kutoka zamu, unga bado umelala kwenye nyusi zake, akiwa ameshika kiatu cha binti yake kama mtu aliyeshika tiketi.

"Mfupa safi," daktari alisema. "Natamani ungekuwa wangu."

"Basi mbona anachechemea?" mama aliuliza.

"Mwambie atembee."

Nakala alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Daktari aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Anachechemea kweli," alikiri. "Kama ningemwona barabarani, ningesema huyu ana ufa kwenye mfupa wa muundi. Lakini ufa haupo."

Nakala aliitazama ile picha. Mfupa wake ulikuwa mweupe, mtupu, hauna hata mkwaruzo. Akakumbuka kamasi. Akakumbuka kicheko cha ukumbi mzima, na yeye akiwa hajui wanacheka nini. Ndipo alipojikunyata, kwa sababu kwa miezi yote ile alikuwa amesimama nyuma ya mgongo mmoja tu, wa Twiga.

"Una baridi?" mama aliuliza.

"Hapana."

Njiani alilipima jambo hilo. Akisema, atakuwa amemchongea rafiki yake, na sehemu ya Upepo itaangukia mikononi mwake mwenyewe. Nani ataamini kwamba hakuitaka? Akinyamaza, Twiga ataendelea kuruka juu ya mfupa ule mpaka utengane, labda mazoezini, labda mbele ya wale watu. Na jambo moja lilimchosha kuliko yote: hakuwa na hakika kwamba haitaki. Alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wa mtu muda mrefu sana.

*

Alimkuta Twiga kwenye ngazi za nyuma saa ya mapumziko, anaponda viatu vipya. Viatu vya kusimamia ncha za vidole huja vigumu kama mbao, na kila mchezaji huvilainisha kwa namna yake. Twiga alivibamiza kwenye kona ya ngazi, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu ya mtu anayeua nyoka.

"Mfupa wangu hauna kitu," Nakala alisema.

"Hongera."

"Twiga."

"Nimesema hongera. Unataka nikupigie makofi?"

"Ni wako."

Kiatu kilibaki hewani. "Wangu nini?"

"Kuchechemea. Nimekuiga wewe bila kujua. Mwalimu ameuona mguu wako kwangu."

Twiga alishusha kiatu polepole, akakiweka pembeni ya mwenzake, akavilinganisha kama mtu anayepanga sahani. Alipoongea, sauti ilikuwa tamu kupita kiasi. "Kumbe. Bahati iliyoje. Mtu wa akiba akachungulia, akachungulia, mpaka akaona pa kupenya. Nguo ya Upepo umeshaijaribu, au unasubiri niikabidhi mwenyewe?"

"Nguo yako hainipiti hata mabegani."

"Wataipanua."

"Usinitukane, mwenzangu. Ningetaka kukusema, ningekuwa kwa Mwalimu sasa hivi. Nimekuja kwako."

Chini kabisa ya ngazi mtu alifungua mlango, akaufunga.

"Mimi sichechemei," Twiga alisema. "Najitazama kwenye kile kioo kila siku. Ningeona."

"Unajitazama mikono. Wote tunakutazama mikono."

"Basi nionyeshe."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Mpiga piano alikuwa ameacha koti lake kitini, na vumbi la utomvu lilining'inia kwenye mwanga wa dirisha. Twiga alikaa chini, mgongo ukutani. Nakala alisimama kwenye kona, akafunga macho, akaacha kufikiri, kwa kuwa akifikiri hupotea. Kisha akauvuka ukumbi bila muziki.

Hapo hapakuwa na kitu ila vishindo: kimoja kizito, kimoja chepesi, kimoja kizito, kimoja chepesi. Mguu wa kushoto uligusa sakafu na kukimbia. Kiuno kilijikunja kuulinda. Bega la kulia lilipanda kidogo kabla ya kila kutua, kama la mtoto anayejua atapigwa.

"Unatia chumvi," Twiga alisema.

"Sitii."

"Rudia."

Akarudia.

"Na huo mdomo? Mbona unauma mdomo?"

Nakala aligusa mdomo wake. Hakuwa amejua. "Nao ni wako," alisema.

Twiga alitazama sakafu mahali ambapo Nakala alikuwa ametua, kana kwamba pamebaki alama. Hakulia. Alianza kufungua utepe, akavua kiatu, akashusha soksi, akaweka kidole kimoja juu ya muundi wa mguu wa kushoto, bila kukandamiza, kama mtu anayeonyesha mji kwenye ramani.

"Hapa," alisema. "Nikipagusa hapa naona nyota."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Mwanzo ulikuwa unazungumza tu. Sasa unapiga kelele mpaka nikiwa nimelala." Akavuta soksi juu. "Nameza vidonge kabla ya kuingia. Tumbo limechoka navyo. Nilidhani hauonekani. Nilikuwa najiambia, bora hauonekani, basi haupo."

"Wale watu wakija watauona."

"Mwalimu hajauona."

"Mwalimu kauona kwenye mguu mzima, Twiga. Wao watauona kwenye mbovu."

Walikaa. Nakala alitaka kumshika mkono, lakini Twiga alikuwa ameikumbatia miguu yake, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Niache," Twiga alisema mwishowe. "Usiseme kitu. Niache tu."

Nakala akamwacha.

Mchana waliingia wote. Nakala alikaa benchi, mgongo wima, maana aliye benchi naye yuko darasani. Wenzake walijipanga kwenye upau. Mwalimu alipanda kiti chake, akaitikia kwa kichwa, piano ikaanza ule wimbo wa polepole wa kupasha miili moto, na miguu yote ikanyooka mbele kwa pamoja, kama kope.

Mmoja haukunyooka.

"Twiga," mwalimu alisema, "tumeanza."

Twiga alikuwa ameshika upau kwa mikono miwili. "Mwalimu," alisema, "inauma."

Hakupaza sauti. Lakini piano ilikatika katikati, na mguu wa mtu mmoja ukabaki juu, umesahauliwa. Baadhi walitazama sakafu.

Mwalimu aliteremka. Ilimchukua muda, alivuka ukumbi akichechemea kwa nyonga yake ya chuma, na kwa mara ya kwanza Nakala alijilazimisha kutazama pembeni ili asiukamate na mwendo huo. Mwalimu alifika, akainama kadiri alivyoweza, akauona mguu.

"Nilikuwa natazama mikono," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akasema, "Kaa chini, mwanangu. Kaa."

*

Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele kwenye sahani. Daktari alisema wiki chache zaidi za kuruka, na mfupa ungegawanyika. Twiga alivalishwa buti gumu la plastiki. Ataruka tena, daktari alisema, lakini si mwaka huu, na ale. Alilisema hilo la kula mara mbili. Wale watu wa kundi kubwa waliambiwa. Walijibu kwa upole usio na ahadi.

Twiga hakusema na Nakala. Hakuwa amemkasirikia hasa. Alikuwa amechoka, na waliochoka hutunza maneno kama watu wa safari wanavyotunza maji. Kabati lao lilibaki na nusu moja iliyofungwa.

Na Nakala akawa Upepo. Mama yake alipopata habari alimwongezea maji ya moto kwenye karai. "Na mwenzio?" aliuliza. Nakala akasema anaendelea. "Mpelekee mkate," mama alisema. "Si ganda. Mkate." Alipeleka. Uliwekwa kabatini, nusu ya Twiga, na kesho yake haukuwepo.

Lakini mguu ulikataa kupona, maana haukuwa unaumwa. Mwalimu alimtembeza ukumbini kama mtoto anayejifunza: kisigino, ncha, kisigino, ncha. Alimtaka asahau. Nakala alijua kujifunza; kusahau hakuna aliyemfundisha. Akitembea polepole, alikuwa mzima. Muziki ukianza, Twiga alirudi mwilini mwake na bega likapanda. Jioni alisimama mbele ya kioo cha kwao, akajaribu kukumbuka alikuwa anatua vipi kabla ya kusimama nyuma ya mtu, na hakukumbuka. Labda hakuwahi kutua kwa namna yake. Wazo hilo alilala nalo, akaamka nalo, likamchosha kuliko miruko.

Siku moja mlango ulifunguliwa katikati ya mazoezi. Buti la plastiki liliingia kwanza, likigonga sakafu, na Twiga nyuma yake. Alikwenda benchi, akakaa, mguu ameunyoosha mbele. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi, na alikuwa anakitafuna pale, mbele ya watu wote, mbele ya kioo.

"Endeleeni," mwalimu alisema.

Nakala aliruka. Akatua. Kimoja kizito, kimoja chepesi. Alijiona kwenye kioo, akasimama kabla ya kumaliza, mikono ikaanguka ubavuni.

"We Nakala," Twiga alisema kutoka benchi, mdomo umejaa.

Hakuwa amemwita tangu siku ile.

"Huo mguu ni wangu. Nilikuazima, sasa nirudishie."

Mtu alicheka, kisha akajizuia. Nakala hakucheka, macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa amechoka kiasi cha kutojali nani anaona.

"Sijui kuurudisha," alisema.

"Utajua. Usinitazame mimi, nimekaa. Hapa mbele yako hakuna mtu." Twiga alipangusa makombo kwenye sketi. "Angalia. Hakuna mtu, mwenzangu. Tua tu."

Nakala alirudi kwenye kona. Aliitazama sakafu ndefu ya mbao, na kweli mbele yake hapakuwa na mgongo. Mpiga piano alisubiri. Aliporuka, alitua vibaya, kwa miguu miwili, kishindo cha gunia, hakuna mwalimu popote ambaye angekionyesha, na hakuna mwanafunzi ambaye angekitoa kwa mtu.

"Huo sasa," Twiga alisema kutoka benchi, "sijawahi kuuona."

"Mbaya," mwalimu alisema, akajisugua nyonga. "Rudia."